Sharubati ya Mkwe

Mkwe wangu Bi Zuhuru, Langoni na sharubati,
Ya ukwaju wa futuru, barafu kati kwa kati,
Asema haitodhuru: ukali waua, eti;
Nikanywa, nikashukuru — heshima ni masharti.

Kazi yangu darubini: tone moja nikapima,
Kulikucha; sahanini madoa yamesimama.
Vidudu vya kisimani! Ukali wavitazama,
Na barafu, masikini, yavitunza kama mama.

Jana nimepiga hodi, moyo wangu u mzito:
“Mama, ninayo zawadi, maji yalopata joto.”
Akacheka, akanadi: “Yuwanifunda, mtoto!”
Leo, Mola ni shahidi, sufuria juu ya moto.