Ukuta wa Bugarika

Ukuta wetu ni wa tofali moja, tena haukufika juu.
Pale chini ya bati maneno yao yanapanda,
yanageuka, yananishukia
kama moshi wa jirani aliyewasha kuni mbichi.

Mtoto alizaliwa Jumanne, magharibi,
mvua ikiyapiga mawe ya mlima hadi yakang'aa
kama migongo ya viboko.
Nilikuwapo. Ni mimi niliyeshika mwavuli
kwenye zile ngazi, tukimteremsha mama hatua kwa hatua
kuifuata bajaji isiyojua kupanda.

Nkwabi akasema: Mabula. Mvua ndiyo iliyomleta.
Babu yangu kule Magu alikuwa Mabula,
hata ng'ombe wake waliitika jina hilo.
Nyanjura akasema: mvua ni mimi.
Kaulize Majita nzima nimeitwaje, na kwa nini.
Chumba kimoja, mvua mbili, tutalala wapi?
Jua lilikuwa linazama. Huyu ni Bwire,
kama mjomba aliyeuza baiskeli nikavaa sare.

Usiku wa tatu walifika kwenye mahari.
Usiku wa tano kijiko kiligonga ukuta, upande wao.
Usiku wa saba kimya,
na kimya cha mke na mume
ni kizito kuliko gunia la dagaa lililoloa.

Kadi ya kliniki imeandikwa Mtoto wa Nyanjura.
Nesi anauliza: mama, huyu ataoa akiitwa hivi?
Mwenye nyumba anamwita Mpangaji,
maana ndiye pekee uani asiyemdai.
Watoto wa bombani wanamwita Bosi.
Mimi, nikimpakata mama yake akifua,
simwiti kitu. Nanusa utosi, basi.
Niliwahi kuwa na jina, nikakosa wa kumpa.

Sasa nisikilizeni, mradi msiseme.

Nkwabi hutoka saa kumi na moja alfajiri,
zamu ya kiwandani, minofu ya sangara,
kazi inayomrudisha na vidole vya barafu.
Akishafunga mlango, akishashuka ngazi,
akishakohoa kule chini kwenye jiwe la tatu,
ndipo namsikia Nyanjura, sauti ya chini ya kitenge:
Mabula. Mabula wangu. Nyonya, mzee wa Magu.

Na usiku wa manane, mama amezama
kama jiwe lililotupwa ziwani,
mtoto akalia, baba huamka.
Hatua nne, anageuka. Hatua nne, anageuka.
Chumba hakina ya tano.
Anamwimbia kwa pua, wimbo hauna kichwa wala mkia,
kisha anamnong'oneza sikioni, nami sikio langu liko pale pale:
Nyamaza, Bwire. Nyamaza, baba.
Mama yako akinisikia nimekwisha.

Juzi nilitaka kugonga.
Ngumi nilishaikunja, imebaki kupiga tu.
Nikajiuliza: nikigonga, nitakuwa nimemvua nani nguo?
Nikaifungua ngumi, nikajikuna shingo nayo,
nikalala.

Asubuhi wakaanza tena juu ya chai,
Mabula! Bwire! mpaka maziwa yakafurika jikoni
na mwenye nyumba akapiga kelele kuhusu mkaa.

Leo Alhamisi wameteremka wote wawili,
mmoja na mtoto, mmoja na kadi.
Nesi kasema leo hapokei hadithi.
Mimi niko mlangoni na ungo wa mchele,
natoa mawe, naangalia ngazi zile tupu,
na ziwa kule chini, la kijivu, linajipepeta lenyewe.

Sijui kalamu itaandika nini.
Ila nawajua hawa.
Nesi akiinua tu macho, watafungua midomo kwa pamoja,
mke atasema Mabula, mume atasema Bwire,
watatazamana,
na ugomvi utaanza upya palepale dirishani,
kila mtu ameshika fimbo ya mwenzake.