Usikanyage Kinachong'aa

Miaka tisa nafundisha volkano kwa chaki:
pembetatu, shimo kileleni, moshi wa kuviringika,
mshale mmoja, neno moja: zaha.
Darasa la sita hapa Heru Juu wananakili,
na mimi mwenyewe mlima wa moto sijauona
hata kwa mbali, hata kupitia dirisha la basi.
Kwetu kinachotokota ni maharage.

Ndipo alipokuja Kavugho, siku ya soko,
kibali chake cha kambi kimekunjwa mara nne
ndani ya soksi.
Alikuwa amesikia kuna mwalimu anayekimbia milimani
bila kufukuzwa na mtu.
"Hata mimi," akasema. "Kule Goma tulikuwa saba."

Kuhusu wale sita wengine sikuuliza.

Tunaondoka ukungu ukiwa bado haujaamua,
tunapanda kwa njia ya mbuzi, tunaipita kahawa ya Gwassa,
mikaratusi, kisha nyasi tupu, kisha upepo wa Burundi
ambao haujawahi kuulizwa hati.
Mita elfu moja mia saba, simu ndivyo inavyosema.
Huku pumzi unaivuta kama ndoo ya kisima kirefu
na inafika nusu.
Mwenyeji ni mimi. Anayehema ni mimi.
Yeye hatua zake fupi, fupi, fupi,
macho mita mbili mbele,
kama mtu anayesoma orodha ndefu akitafuta jina lake.

"Jiwe la volkano," anasema, na sauti haimkatiki,
"lilikuwa uji. Likapoa na hasira zake.
Raba linaitafuna wiki tatu, ya nne unakimbilia soksi.
Pale linapong'aa ni jembamba, chini yake pango.
Basi mguu unajifundisha wenyewe: usikanyage kinachong'aa.
Usiku ukitazama juu, kilele chekundu
kama jiko la jirani. Unajua yuko macho.
Mwalimu, hiyo zaha ndiyo nini?"

Nikamweleza.
Akanyamaza hadi tulipofika kwenye mawe mawili,
kisha: "Jina zuri sana
kwa kitu kilichomeza duka la mama."

Kushuka sasa.
Mvua ilinyesha usiku kucha, na udongo wetu mwekundu
umejaa vidimbwi, kila kidimbwi na jua lake.
Kila kitu kinang'aa!
Mguu wake ukakataa. Ukazunguka huku, ukazunguka kule,
ukaruka tope lisilomfika hata kifundo
kana kwamba lina shimo la kumeza nyumba,
mpaka kwenye kona ya mgomba uliolala
nyasi zikamsaliti
akashuka kwa makalio, hatua kumi nzima za tope.

Nikasimama. Nikasubiri kilio.
Aliikunja suruali, akalitazama goti:
kovu la zamani, refu, jeusi kama mkaa,
na juu yake tope tu.
"Hata damu haikutoka," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyepunjwa chenji.
Akabonyeza kiganja ardhini. Ardhi ikakipokea,
vidole vyote vitano.
Halafu akainuka, akachagua kidimbwi kikubwa kuliko vyote,
akakikanyaga.

Mara moja. Kwa nguvu.
Tope lilinifika kidevuni.

Kilomita ya mwisho sikumwona tena ila mgongo;
kibali kilikuwa kinakwisha saa nane,
na hakuna kocha anayekimbiza watu kama mhuri.
Pikipiki ilikuwa tayari inaunguruma.
Aliniachia mkono wenye udongo wa kwetu.

Jumatatu nikachora tena: pembetatu, shimo, moshi,
mshale, zaha.
Chaki ikawa bado haijatua.
Nikaongeza njia nyembamba ya kupinda ubavuni,
na mtu mdogo, miguu hewani.

Ntibakazi, dawati la mbele, akanyosha kidole:
"Mwalimu, huyo anaukimbia moto?"

"Hapana," nikasema. "Yuko mazoezini."

Wakanakili na yeye pia.
Wengine walimchora akishuka.
Ntibakazi alimchora akipanda.