Hamsini na Moja

Kabati langu la hapa Wete lina vioo vitatu, kimoja kimepasuka.
Humo ndimo ninamoweka utoto wa watu:
jogoo wa bati wa Kijapani, ufunguo ubavuni,
ukimtia anadonoa mara nne, ya tano anaona haya;
gari la zimamoto lisilo ngazi;
mtoto wa mpira aliyetoka duka la Premji,
pua imetafunwa. Meno ya mtoto, si ya panya,
nimeyapima;
gololi mia na sita katika kopo la maziwa ya unga.

Shaame wa baiskeli hupita akachungulia:
"Mzee Faki, leo ushanyonya?"
Humjibu: bado, nangoja niote meno.

Lakini kitu nikifutacho kwa mkono wangu,
nisichomwachia mjukuu hata akilia,
ni jozi ya karata za baba.
Zilishuka melini mwaka wa hamsini na tatu,
maua ya mgongoni yalikuwa mekundu, sasa rangi ya chai.
Zimelainika kama kanga ya kulelea.
Shupaza kumi na tatu. Uru kumi na tatu. Pau kumi na tatu.
Kopa kumi na mbili.

Hayupo mzungu wa pili.

Miaka thelathini namtafuta bibi huyo.
Nimepekua masanduku Mkoani, Chake, Konde,
nimevuka hadi Darajani kwa wauza vikuukuu.
Nimeletewa wanane, wote wageni:
huyu mrefu mno, yule mgongo wa buluu,
mmoja ananukia plastiki.
Nikawarudisha kwao kwa heshima.

Juzi nikaenda Gando kumjulia hali dada yangu Mize.
Macho yamefunga ukungu, masikio yangali ya paka.
Nikamsimulia habari za karata, kama kila Idi.
Safari hii hakucheka.
Akaomba kijaluba chake cha tambuu,
akapapasa chini ya chokaa iliyokauka, chini ya popoo,
akanitolea.

"Nilimwiba mimi," akasema, "usiku ule wa mikarafuu."

Nilikuwa na miaka minne, sikumbuki. Yeye tisa.
Karabai inavuma barazani,
baba na wenzake watatu: kwanza fedha,
kisha baiskeli, kisha mikarafuu ya Kangagani,
mche baada ya mche.
Ndani mama kakaa na punje za mahindi,
na kila sauti ya nje ikitaja turufu
anahamisha punje kutoka sahani hii kwenda ile.
Hasemi kitu. Punje tu, tk, tk.

Walipotoka kujinyoosha
Mize akaingia kwa magoti, akachomoa moja, yoyote,
gizani, hakuchagua.
Ikamwangukia hiyo, iliyo chini ya wa tatu, chini ya wa nne,
karata isiyomtisha mtu.

Waliporudi wakahesabu.
Hamsini na moja.
Kila mmoja akamtazama mwenziwe mikononi,
wakaachana kwa matusi, na baraza ikalala mapema.
"Ilibaki mikarafuu kumi na minne," akasema Mize.
"Hiyo ndiyo iliyokusomesha."

Nikamuuliza: baba alijua?

"Asubuhi zote aliniuliza, Mize, hujaona kitu?
Nami nasema, sijaona.
Hata siku moja hakuuliza.
Akaniletea jogoo wa bati."

Nilimshika yule bibi kwenye mwanga wa dirisha.
Ana doa la chokaa shavuni,
kama biharusi aliyepakwa liwa akasahauliwa.
Kona zake kali bado. Wenziwe wote wamechakaa kwa vidole,
yeye hakuchezwa tena.

Nikamrudisha kijalubani, nikafunga kifuniko,
nikamwekea dada yangu mkononi.

Nyumbani nimetoa kile kikaratasi cha zamani,
kilichosema "yapungua moja".
Nimebandika kipya, kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa shule:
Karata za baba. Hamsini na moja. Kamili.