Luchelele, Mwishoni mwa Machi

Saa kumi na moja na robo, Mwanza haijaanza kukohoa,
nimekwisha vua viatu.
Tope la Luchelele linakushika kifundo
kama mtu anayekudai.
Kamera nimeifunga kifuani kwa kanga ya mke wangu,
ile aliyobebea watoto,
na lenzi nimeivika mfuko wa sukari,
maana masika hayana ratiba.

Kazi yangu ni nyuso:
pasipoti saizi, dakika tano, ukuta wa buluu, Kirumba.
Inua kidevu. Usicheke. Usipepese.
Watu hutii.
Huku hakuna anayenitii.

Yangeyange ni rahisi, anajijua kwamba ni mweupe,
husimama juu ya gugumaji kama bibi harusi anayeisubiri albamu.
Mnandi anaanika mbawa kwenye mtumbwi uliotoboka.
Hao ninao, wamejaa kadi nzima.

Ninayemtaka ni yule mdogo, rangi ya majani makavu,
asiye na kishungi wala doa la kujivunia,
uzito wake sarafu ya mia tano.
Kitabu kinamwita shoro.
Milembe, anayekata mafunjo ya mikeka, anasema "noni" tu,
kisha anafikiri kidogo:
"Kale kanakolalamika."

Kweli analalamika,
kere-kere, chiki-chiki, kere,
mtu anatafuta ufunguo ndani ya mkoba uliojaa chenji.
Alikuja Novemba, baridi ya kwao ilipomfukuza.
Sasa anakula wadudu wa ziwa, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi,
anakula mpaka kifua kinamjaa,
mafuta ya safari anayaweka chini ya ngozi.
Usiku mmoja wa wiki hii, upepo ukimridhisha,
ataondoka. Haagi.

Tete likitikisika, nabonyeza.
Likitulia, nabonyeza, kwa hasira.
Picha mia mbili na kumi na nne:
mkia. Mkia. Nusu ya jicho. Kidole changu.
Tete. Mkia.
Ukungu wa pumzi yangu mwenyewe.

Milembe akacheka, maji magotini, mundu begani.
"Wewe unamfuata. Mimi nakata,
yeye anakuja kula ninachokifukuza."
Akainama. Fungu la mafunjo likalala,
wadudu wakaruka, na huyo!
juu ya shina lililobaki, hatua tatu kutoka kwenye mundu,
mdomo wazi, koo linatetemeka,
mstari hafifu juu ya jicho kama wanja uliokosewa.

Nilisahau kuvuta pumzi. Kidole hakikusahau.

Baadaye nikamwuliza kwa nini kile kichaka cha pembeni hakikati,
nikitarajia neno zuri la huruma kwa viumbe,
neno la kuandika nyuma ya picha.
"Kuna chatu," akasema.

Kisha: "Na mimi je?"
Akafungua kilemba, akakifunga upya,
akapangusa tope shavuni, akaniangalia
kama watu wanavyouangalia ule ukuta wa buluu.
Usicheke, nilitaka kusema, kwa mazoea.
Nikanyamaza. Akacheka.

Usiku, dukani, nikaikuza ile picha ya ndege.
Lenzi ilichagua mundu.
Kila tone kwenye makali linahesabika,
kutu, uzi wa nyasi, alama ya jiwe la kunolea;
na nyuma yake doa la rangi ya majani makavu,
limepanua mdomo.
Sijaifuta. Sijui niiite picha ya nini.

Aprili tarehe sita nikarudi na bahasha.
Milembe akajitazama muda mrefu.
"Nimezeeka," akasema, akajichomeka kifuani, ndani ya kanga.
Akashika mundu, akainama, shina la kwanza, la pili.
Ziwa lilikuwa kimya upande ule wa kichaka.

"Kale kameondoka juzi," akasema bila kuinua kichwa.
"Tangu juzi nakata peke yangu."