Gramu Mia Mbili na Arobaini

Mizani tuliiazima ghalani, ng'ambo ya reli,
ile ya kupimia kahawa ya maganda.
Wapagazi wanne waliibeba hadi ukumbini Majengo,
na ilipotua sakafuni ikamwaga vumbi
lenye harufu ya Desemba, ya shule kufungwa,
ya baba akirudi Kibosho na kiatu kimoja mguuni.

Kimoja, kwa sababu mguu wa pili ulikuwa kazini:
kidole gumba chini ya ubao, kikiinua kidogo tu,
kilo moja kwa kila gunia la mjane.
Hakuna aliyemshitaki.
Kidole hicho ndicho kilichonisomesha.

Basi mimi hupima nikiwa peku,
nimesimama juu ya kreti la soda, mbali na ubao,
kila mwenye macho aihesabu miguu yangu.

Kanuni zimechapwa kurasa kumi na moja.
Usichome jicho. Usivute shavu kwa kidole.
Usipige kisogo wala uti wa mgongo.
Usishike wavu.
Mwenzako akigonga, mwachie;
mkono ukishindwa kugonga, aseme;
na mdomo ukishindwa, refa ndiye mdomo wake.
Uzito uko ukurasa wa pili: hamsini na saba, basi.

Nembris Laizer wa Sakina alipanda, mshale ukatulia chini ya mstari.
Akashuka, akaomba chungwa.

Aikande Mshiu alipanda amekauka
kama jani la mgomba lililosahauliwa uani.
Tangu jana hajameza maji,
mate anatemea kwenye chupa.
Mshale ukapita mstari, ukarudi, ukapita tena.
Gramu mia mbili na arobaini.

Mwandalizi akaniinamia sikioni, ananukia mnanaa:
"Hayo ni mate tu, kaka. Tiketi zimeuzwa mpaka Himo.
Andika sawa."

Kidole gumba changu cha kulia kikawasha.

Nikaandika nilichokiona.
Saa moja, nikamwambia binti. Kanuni inakupa saa moja.

Mama yake akamkalisha juu ya gunia tupu,
akaanza kumfumua rasta, moja moja,
misuko membamba ya juzi, ya kupigia picha.
Dakika ishirini zikaisha, hata upande mmoja bado.
Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka.

Ndipo Nembris akaliweka chungwa chini,
akafuta vidole kwenye suruali,
akapiga magoti nyuma ya kisogo
ambacho kesho haruhusiwi kukigusa kwa ngumi,
akafumua.

"Kesho tutafumuana vizuri," alisema.
Aikande akacheka, mdomo mkavu ukapasuka.

Mwandalizi akauliza kama hilo linaruhusiwa.
Nilipekua kurasa zote kumi na moja,
nikalamba kidole, nikapekua tena.
Haikukatazwa. Haikuamriwa.
Haikuwamo.

Rasta zikabaki juu ya gunia kama paka aliyelala.
Mshale ukaugusa mstari, ukakaa.

Kesho yake, raundi ya pili,
Nembris aliunasa mkono wa Aikande, akaukunja
mpaka kiwiko kikatazama kusikotakiwa.
Aikande hakugonga. Hakusema.
Refa akajitupa katikati yao.
Ukumbi ukazomea, chupa zikaruka,
mmoja akadai nauli yake ya Marangu.
"Sijagonga!" Aikande alipiga kelele,
kizuia meno kikining'inia mdomoni.
"Najua," alisema refa, akaendelea kumshika bega
mpaka daktari alipofika.

Jumatatu tuliirudisha mizani.
Kwenye ufa wa ubao ulinasa unywele mmoja wa rasta,
mrefu, mweusi, umejikunja nchani.
Karani wa ghala akauvuta, akauinua kwenye mwanga,
akataka kujua ni wa nani.

Nikavua viatu.
Nikamwambia auweke hapo juu, tuupime kwanza.