Unyevu

Miaka kumi na tisa napima malori ya ngano
kwenye mizani ya chuma, nje kidogo ya Kostanai.
Lori hupanda, sakafu hushuka unywele,
namba hucheza, hutulia, nami naandika.
Sijawahi kulilia namba ya lori.

Ila Jumatatu, saa kumi na mbili alfajiri,
dirisha limeota barafu kwa ndani,
nilisimama peku juu ya mizani ya bafuni,
ile ya kioo aliyoninunulia binti yangu Aiganim,
nikasoma themanini na tatu nukta sita.
Jumamosi ilikuwa themanini na moja nukta nane.
Nikashuka. Nikavua pete kwa sabuni. Nikapanda.
Themanini na tatu nukta sita.
Nikavua hereni.

Wiki sita za uji usio na maziwa,
wiki sita za kulipita duka la mikate la Baizhan
nimegeuza uso kama mwenye deni,
na mwili unanilipa hivi?
Nikanuna. Nikanywa chai kavu, kama adhabu,
nikaenda kazini bila kumuaga mtu.

Lori la kwanza lilikuwa la Tolegen.
Shamba lilelile, bodi lilelile,
limejaa hadi ukingo uleule wa juzi,
na limezidi la juzi kwa kilo mia sita.
"Nimebarikiwa," akasema, mvuke ukimtoka kinywani.
"Umenyeshewa," nikamjibu.
Nikachota ngano kikombe kimoja, nikaitia kwenye kipimo:
unyevu asilimia kumi na tisa.
"Maji haya, Tolegen. Kampuni hainunui mvua.
Peleka kwenye kikaushio,
ndipo tujue ngano yako ni kiasi gani."

Akaondoka akinung'unika.
Nikabaki na kalamu hewani,
sikio limechelewa kusikia
kilichosemwa na mdomo wake lenyewe.

Kwani Jumapili tulikuwa wapi?
Harusini kwa mpwa wangu.
Soseji ya farasi vipande vitatu. Sawa, vitano.
Tambi za mchuzi, bakuli likijazwa kabla halijaisha,
na vile vidonge vya jibini kavu, chumvi tupu,
nilivyomung'unya usiku kucha nikisikiliza hotuba za wajomba.
Nililala na kiu ya ng'onda.
Chumvi ikiingia haiingii peke yake,
huja na maji yake, kama mgeni na watoto.
Tena kalenda inasema siku zangu za mwezi zi karibu,
na choo, niseme tu, tangu Ijumaa hatujaonana.

Mafuta ya kilo mbili kwa siku mbili?
Ningehitaji kuila harusi nzima,
pamoja na bwana harusi.

Mchana nikageuza stakabadhi kuukuu za mizani,
nikaandika nyuma namba zangu zote tangu nianze:
themanini na sita kasoro, themanini na tano,
themanini na tano na nusu (ile wiki ya baridi, viazi kila siku),
themanini na tatu, themanini na nne, themanini na mbili.
Zinapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi,
lakini mlevi huyu anashuka.
Hata hii ya leo, niliyoitolea hereni,
iko chini ya ile ya kwanza.
Nikacheka peke yangu katika kile kibanda.
Sisi hapa hatuhukumu msimu kwa lori moja,
nani alinifundisha kujihukumu kwa asubuhi moja?

Jioni nikapita kwa Baizhan, nikanunua nusu mkate.
Akaniuliza nilikuwa safari gani.

Alhamisi nikapanda tena kile kioo, peku.
Namba ikacheza, ikatulia,
nikaiandika.
Hereni sikuvua.