Behewa la Saba

Mama hataki ndege.
Nimemwonyesha bei, nimemwonyesha saa:
Almaty hadi Aktau, saa tatu na ushei,
unakunywa chai, unateremka.
Ameniangalia kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi.
"Treni," akasema. "Ile ya jioni. Ya asubuhi haifai."

Basi nimekaa jikoni, ratiba mezani,
penseli sikioni kama seremala,
naipima nchi kwa kidole:
Shymkent, Turkistan, Kyzylorda,
Aral, ambako bahari ilikimbia ikaacha jina,
kisha nyika, na nyika, na nyika tena,
vituo vidogo vidogo kama vishikizo
vya shati lililokwisha kupauka.
Siku mbili na nusu. Mifupa ya miaka sabini na mmoja.

"Kitanda cha chini," anasema, kanipa mgongo, anakanda unga.
Sawa, magoti; hilo nimelielewa.
"Karibu na mlango, mbali na choo."
Milango yote, Mama, iko karibu na choo.
"Basi karibu na mlango.
Na liwe behewa la saba."
La saba limejaa. La nane lina nafasi,
la sita ni jipya, hata mapazia hayajatobolewa na sigara.
"La saba."
Nikaisogeza safari wiki moja mbele.
Nikaisogeza tena.
Tarehe kumi na nne Oktoba. La saba. Kitanda namba moja.

Mzigo? Kilo thelathini na sita, nasoma, bila malipo.
Hapo akafuta mikono, akaingia chumbani,
akatoka ameikumbatia cherehani ya bibi,
ile nyeusi, maua yake ya dhahabu yamechakaa kiunoni,
akaitua juu ya mizani ya bafuni.
Kilo kumi na nne na nusu.
Hakusema kitu. Nami nikaandika,
mkono ukielewa kabla yangu.

Maana kuna kituo, Tasbulak,
katika ile mistari ya ratiba ambayo macho huiruka.
Usiku wa pili, saa tisa na dakika arobaini na moja,
treni husimama dakika mbili.
Huko anaishi mjomba Yerzat,
ambaye jina lake halijatajwa humu ndani
tangu matanga ya bibi, miaka kumi na mmoja,
aliposema mbele ya wageni, nyama ya farasi ingali vinywani:
"Chukua, dada. Chukua na sindano."
Naye akachukua.
Hajashonea hata kishikizo.

Usiku nikapiga simu kituoni, kwa siri.
Iliita hadi nikakaribia kukata, kisha sauti,
kavu:
"Tasbulak."
Nikauliza kama jukwaa lina taa.
"Moja."
Mwanga wake huangukia behewa gani?
Upepo. Kikohozi. Kikohozi cha babu, naapa,
kile nilichokuwa nikikisikia utotoni nyuma ya pazia.
"La saba," akasema. "Tangu zamani, la saba.
Nani anauliza?"
Nikakata.

Sijamwambia mama. Nimelipa tu.

Leo alfajiri nimeamshwa na vishindo.
Yumo ukumbini, kavaa koti na kofia ya manyoya,
cherehani kifuani,
anatoka kitandani hadi mlangoni, anatua, anarudi.
Saa ya kuchemshia mayai inatatarika juu ya rafu ya viatu.
"Sekunde hamsini na tano," anahema,
"na ujia wa treni ni mwembamba, na mlango wake mzito."
Nikasema nitakwenda naye, nimbebee.
Akanitazama, akatazama saa.
"Irudishe mwanzo," akasema.

Hamsini na moja.